Rejeta ya pikipiki: Ikae wapi ili injini isichemke?

Na Mwandishi Wetu, Rungwa

KATIKA barabara ndefu inayounganisha Itigi na Makongolosi kupitia Rungwa, pikipiki imekuwa ndiyo gari la wagonjwa, gari la mizigo na gari la abiria kwa wakati mmoja. Msafiri hupita katika vichaka na mapori, ukiwamo ukanda wa Pori la Akiba la Rungwa, na huweza kwenda mwendo mrefu bila kuona duka la vipuri wala gereji. Injini ikichemka hadi kunoki mahali kama hapo, hasara haiishii kwenye bei ya pistoni na ringi mpya. Kuna mama mjamzito anayesubiri kufikishwa zahanati, kuna mzigo unaoharibika, na kuna dereva na abiria wake ambao huenda jua likawatulia porini.

Ndiyo maana swali la namna injini inavyopoozwa si la mafundi peke yao. Kadiri pikipiki zenye rejeta zinavyoongezeka nchini, hususan zile za magurudumu matatu za kubebea mizigo ambazo wengi huziita guta au toyo, ndivyo lilivyojitokeza swali jingine ambalo wanunuzi hawaliulizi dukani: rejeta imewekwa wapi, na mahali hapo panafaa kwa barabara ninayopita?

Makala haya yanaeleza jinsi nafasi ya rejeta inavyobadilisha uwezo wa kupooza injini, faida na kasoro za kila nafasi, na mambo ya kuangalia kabla ya kuihamisha.

Joto linatoka wapi?

Petroli inapoungua ndani ya silinda, gesi yake hufikia kwa kitambo kidogo joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selisiasi. Pistoni imetengenezwa kwa aloi ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Kinachoiokoa ni kwamba joto hilo huondolewa mfululizo kabla halijapenya ndani sana.

Kwa wastani, ni kati ya robo na theluthi tu ya nishati ya petroli inayogeuka kuwa nguvu ya kuendesha gurudumu. Theluthi nyingine, au zaidi kidogo, hutoka na moshi kupitia bomba la ekzosi. Sehemu iliyobaki huingia katika chuma cha silinda na katika oili, nayo lazima itolewe nje. Kwa maneno mengine, injini inayotoa nguvu ya kilowati 5 ina wajibu wa kutupa hewani joto la kilowati zinazokaribia hizo hizo, kila sekunde, muda wote wa safari.

Joto hilo likikosa njia, oili huwa nyepesi na kupoteza uwezo wa kulainisha, pistoni hutanuka hadi kubana kwenye silinda, gasketi ya silinda hedi huungua, na hatimaye injini hunoki.

Pikipiki nyingi hazina rejeta

Ni vema ifahamike mapema kwamba pikipiki nyingi za bodaboda, kama vile Bajaj Boxer na TVS za daraja la sentimita za ujazo 100 hadi 150, hazina rejeta. Hupoozwa kwa hewa inayopita juu ya mapezi ya silinda. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na kupata matunzo machache. Muundo wa injini hiyo ndio chimbuko la injini nyingi za pikipiki za Kichina zilizomiminika Afrika Mashariki katika miaka ya 2000. Pikipiki za Yamaha DT125 na Honda XL125 zilizozoeleka kwa mabwana shamba na maofisa wa afya vijijini nazo zilipoozwa kwa hewa.

Katika pikipiki hizo, mapezi ndiyo rejeta, nayo hayahamishiki. Nafasi ya silinda ndiyo inayoamua. Silinda iliyolala kuelekea mbele, kama ya Honda Cub, hupokea upepo kwanza kichwani, mahali palipo na joto kali zaidi. Silinda iliyosimama wima hupokea upepo upande wa mbele, na upande wa nyuma hubaki na joto zaidi. Bajaji ya abiria ina injini nyuma, chini ya kiti, mahali ambapo upepo wa safari haufiki moja kwa moja. Kwa sababu hiyo nyingi zilitengenezwa zikiwa na feni ya kusukuma hewa juu ya silinda.

Kanuni inayotawala mapezi ndiyo hiyo hiyo inayotawala rejeta. Maji ya rejeta hayamalizi joto. Kazi yake ni kulibeba kutoka kwenye silinda na kulipeleka mahali pengine. Anayeliondoa joto hatimaye ni hewa, na hewa hiyo inategemea mahali rejeta ilipowekwa.

Hesabu ndogo inayoeleza mengi

Tuchukue mfano wa injini inayotupa kilowati 5 za joto kwenye maji yake. Pampu ikizungusha lita 10 kwa dakika, maji yatatoka kwenye injini yakiwa na joto lililozidi la kuingilia kwa nyuzi 7 hivi. Hilo si tatizo.

Sasa tutazame hewa. Katika nyanda za kati za Tanzania, zilizo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 35 ina uzito wa takriban kilo moja. Ikiwa hewa hiyo itapita kwenye rejeta na kutoka ikiwa na nyuzi 65, zitahitajika takriban lita 170 za hewa kila sekunde ili kuchukua kilowati hizo 5.

Rejeta yenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15, pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa katika hewa iliyotulia, hukutana na lita 500 za hewa kila sekunde. Lakini si yote hupenya. Nyingine hukwepa pembeni, nyingine huzuiwa na gurudumu na madigadi. Tukisema theluthi tu ndiyo hupenya, tunapata lita 167, yaani kiasi kinachotosha kwa shida. Pikipiki hiyo hiyo ikipanda kilima kwa kilomita 15 kwa saa ikiwa na gunia mbili, hewa inayopenya hushuka hadi lita 42 hivi, ilhali injini inafanya kazi kubwa kuliko ilivyokuwa tambarare.

Hapo ndipo siri ya kuchemka ilipo. Injini huchemka mara nyingi zaidi katika mwendo mdogo wenye mzigo mkubwa kuliko katika mwendo wa kasi. Upepo ukitoka nyuma hali huwa mbaya zaidi: pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa saa huku upepo wa kasi hiyo hiyo ukiisukuma kutoka nyuma ni sawa na pikipiki iliyosimama. Feni peke yake ndiyo itakayoinusuru.

Wapo wanaodhani dawa ni kuongeza maji, kwa mfano kwa kufunga tangi kubwa zaidi. Lita moja ya ziada, ikipokea kilowati 5, hupanda kutoka nyuzi 80 hadi 100 kwa sekunde 17 tu. Baada ya hapo dereva amerudi alipokuwa, na pikipiki imeongezeka kilo moja.

Mbele, nyuma ya gurudumu

Nafasi iliyozoeleka zaidi duniani ni mbele ya injini, chini ya shingo ya usukani, nyuma ya gurudumu la mbele. Pikipiki za michezo na za barabara kama KTM Duke na Bajaj Pulsar NS200 hutumia nafasi hiyo, na guta nyingi zenye injini ya maji pia hufuata mpangilio huo.

Faida yake ni dhahiri. Rejeta hupokea hewa safi ambayo haijapashwa moto na injini wala ekzosi. Mipira ya maji huwa mifupi, na fundi huifikia kwa urahisi. Feni hufungwa nyuma yake ili ivute hewa kuelekea injini, upande ule ule ambao upepo wa safari unaelekea, hivyo nguvu mbili husaidiana.

Kasoro zake ni tatu. Kwanza, gurudumu na madigadi husimama mbele ya rejeta na kuivuruga hewa, hivyo sehemu ya katikati hupata upepo hafifu kuliko pembeni. Pili, gurudumu hurusha tope, mchanga na kokoto moja kwa moja kwenye vijitundu vya rejeta. Katika barabara ya vumbi, vijitundu hivyo huziba taratibu bila dereva kutambua, na tope likikauka huwa kama plasta. Tatu, hewa ya moto inayotoka humwagika juu ya injini na miguu ya dereva.

Kinga ya wavu mbele ya rejeta huzuia kokoto, lakini wavu wenye matundu madogo mno nao hupunguza hewa. Kipande cha mpira kinachorefusha madigadi kwa chini husaidia kuzuia tope, ili mradi kisipande juu hadi kuifunika rejeta.

Pembeni mwa tangi

Pikipiki za mashindano ya porini, mathalani Honda CRF450R, huwa na rejeta mbili nyembamba, moja kila upande wa fremu, mbele ya tangi la mafuta. Honda CRF250L ina moja tu upande wa kushoto. Pikipiki kubwa za safari kama Honda Africa Twin ya CRF1000L na BMW R1200GS ya mwaka 2013 na kuendelea nazo zimegawa rejeta kulia na kushoto.

Sababu ni kwamba rejeta zikiwa juu na pembeni huepuka sehemu kubwa ya tope la gurudumu la mbele, na hukutana na hewa inayopita kando ya shokapu bila kuvurugwa sana. Vifuniko vya plastiki vilivyo pembeni si urembo. Huielekeza hewa iingie ndani ya rejeta badala ya kukwepa, na dereva anayeving'oa baada ya kuvunjika huipunguzia rejeta hewa.

Aidha, rejeta zikiwa juu, maji ya moto hupanda kwa urahisi na mapovu ya hewa hutoka kupitia kifuniko kilicho juu kabisa ya mzunguko.

Udhaifu wa nafasi hii ni maanguko. Pikipiki ikilala ubavu mchangani, rejeta ndiyo hupokea pigo baada ya usukani na kikanyagio. Ikipinda kidogo hufanya kazi. Ikipasuka safari imekwisha. Vyuma vya kinga hupunguza hatari hiyo. Vilevile, mizigo inayoning'inizwa kando ya tangi, kama vile madumu na mifuko, huziba kabisa njia ya hewa.

Ubavuni, chini ya kiti na mkiani

Wabunifu wamejaribu pia nafasi nyingine. Honda VTR1000F ya mwaka 1997 na VFR800 ya mwaka 1998 zilipewa rejeta za ubavuni, kila moja ikiwa imeelekea pembeni badala ya mbele. Lengo mojawapo lilikuwa kupata nafasi ya kusogeza injini karibu na gurudumu la mbele. Rejeta ya namna hiyo haipigwi na upepo usoni. Hutegemea tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya ndani na nje ya vifuniko, na feni pikipiki inaposimama.

John Britten wa New Zealand, aliyetengeneza pikipiki ya mashindano ya Britten V1000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliiweka rejeta chini ya kiti na kuipelekea hewa kwa njia maalumu kutoka mbele. Benelli Tornado Tre 900 ya Italia, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, nayo iliweka rejeta chini ya kiti, na feni zake zilionekana mkiani. Nafasi hiyo ilifanya sehemu ya mbele ya pikipiki kuwa nyembamba na kukata upepo vizuri.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalitokana na mifereji ya hewa iliyochorwa kwa uangalifu. Fundi akiweka rejeta chini ya kiti bila mifereji hiyo, itapokea hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini. Mfano ni mtu anayejipepea akiwa amekaa mbele ya jiko: upepo upo, lakini ni wa moto. Hewa ikiingia na nyuzi 55 badala ya 35, tofauti kati yake na maji ya nyuzi 95 hushuka kutoka 60 hadi 40, na uwezo wa rejeta hupungua kwa theluthi nzima.

Skuta za kisasa kama Honda PCX na Yamaha NMAX zimefuata njia nyingine. Rejeta imefungwa kwenye injini yenyewe, ubavuni, na feni inayozungushwa na injini hupitisha hewa humo muda wote injini inapounguruma. Mipira ni mifupi, na foleni ya mjini haiisumbui. Kwa mtumiaji wa barabara ya vumbi, kasoro ni kwamba rejeta iko chini, na feni hiyo hiyo inayovuta hewa huvuta na vumbi.

Chini ya tela la guta

Nafasi inayowahusu zaidi wasafirishaji wa vijijini ni ile ya guta. Baadhi zina rejeta mbele, nyingine zimeiweka chini ya kiti cha dereva au chini ya tela, karibu na injini, na feni ya umeme ubavuni mwake.

Mpangilio wa pili huilinda rejeta dhidi ya kugongana uso kwa uso, lakini huifanya iishi kwa feni. Gurudumu la mbele na miguu ya dereva vimekwisha kuikata hewa kabla haijafika. Feni ikifa kwa sababu ya waya kukatika au fyuzi kuungua, mwendo hautaisaidia rejeta hata kidogo, tofauti na rejeta ya mbele ambayo huweza kumfikisha dereva polepole katika barabara tambarare. Mmiliki wa guta ya aina hii anapaswa kubeba fyuzi ya akiba na kuisikiliza feni kila safari kama anavyosikiliza breki.

Jambo jingine ni turubai. Mizigo inayofunikwa hadi chini hufunga njia ambayo hewa ya moto ingetokea. Nyumba yenye dirisha upande mmoja tu haipitishi upepo hata dirisha liwe kubwa kiasi gani, na rejeta nayo huhitaji mlango wa kuingilia hewa na mlango wa kutokea. Mafundi wengi huangalia wa kwanza na kusahau wa pili.

Maji nayo yana njia yake

Nafasi ya rejeta hugusa pia mzunguko wa maji. Pikipiki za Scott za Uingereza, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1908, zilipoozwa kwa maji bila pampu. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwenda kwenye rejeta iliyokuwa juu, yakapoa, yakashuka kurudi kwenye injini. Kwa sababu hiyo rejeta haikuweza kuwekwa mahali pengine popote. Pampu ndiyo iliyowapa wabunifu uhuru wa kuihamisha. Suzuki GT750 ya mwaka 1971 na Honda Gold Wing GL1000, iliyoanza kuuzwa kwa modeli ya mwaka 1975, zilisaidia kueneza mfumo huo katika pikipiki za kawaida.

Lakini pampu haikuiondoa kanuni ya zamani. Mapovu ya hewa hukimbilia mahali pa juu kabisa. Rejeta ikishushwa chini ya silinda hedi bila kuweka mahali pa kutolea hewa hapo juu, povu hujikusanya kwenye kichwa cha injini, mahali penye joto kali, na chuma hubaki bila maji. Dereva atashangaa: rejeta ni ya baridi, lakini injini inachemka.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una nafasi yake. Katika mita 1,000 maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta chenye spring'i nzima, kinachohimili mgandamizo wa takriban bar 1.1, hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko kilichochoka, au kilichobadilishwa na cha kubahatisha, huondoa akiba hiyo yote.

Kuhusu aina ya maji, Mkoa wa Singida unajulikana kwa maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, na maji ya visima katika maeneo kadhaa ya mkoa yana madini mengi. Maji hayo yakichemshwa kila siku ndani ya rejeta huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo huzuia joto lisitoke, na hakuna nafasi ya rejeta itakayofuta madhara yake. Kulanti iliyochanganywa sawasawa ndiyo bora. Ikikosekana, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima.

Kabla ya kuhamisha rejeta

Mmiliki anayetaka kuhamisha rejeta, au kuifunga upya baada ya ajali, azingatie mambo yafuatayo:

1. Hewa inayoingia iwe ya nje, isiyotoka kwenye injini wala ekzosi.

2. Nyuma ya rejeta pawe na nafasi ya kutosha na njia ya hewa kutokea. Rejeta iliyobanwa kwenye fremu au kwenye betri haipumui.

3. Mapengo ya pembeni yazibwe kwa plastiki au bati jepesi, kwa kuwa hewa hupita njia rahisi, na njia rahisi ni kuizunguka rejeta.

4. Feni izunguke upande wa upepo wa safari. Waya mbili zikibadilishwa, feni nyingi za umeme husukuma hewa kinyume na kupigana na upepo. Kipande cha uzi mwepesi kikisogezwa mbele ya rejeta, feni ikiwa inafanya kazi, kitaonyesha hewa inaelekea wapi. Mkono na uzi vikae mbali na mapanga.

5. Kifuniko cha kujazia maji kiwe juu kabisa ya mzunguko, au pawe na skrubu ya kutolea hewa hapo juu.

6. Mipira isipinde hadi kujibana, isiguse ekzosi, na iachwe na nafasi ya kucheza usukani unapogeuzwa hadi mwisho.

7. Rejeta ikae juu ya raba, si kwenye chuma kitupu. Mtikisiko wa barabara yenye makorongo hupasua viungo vyake kabla ya joto kufanya hivyo.

Baada ya safari ya kwanza, vumbi lenyewe litatoa ushahidi. Sehemu ya rejeta iliyoshika vumbi jembamba sawasawa ndiyo inayopitisha hewa. Sehemu iliyobaki safi kabisa haipitishi, nayo ni mzigo tu. Vumbi lioshwe kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu mashine za kuoshea magari hulaza mapezi laini ya rejeta na kuyaziba moja kwa moja.

Ikichemka njiani

Dalili za mwanzo ni injini kupoteza nguvu, kugonga inapopanda kilima, harufu ya maji matamu ya kulanti au ya oili iliyoungua, na mvuke. Dereva asimame kivulini na kuielekeza pikipiki kwenye upepo. Kama feni inafanya kazi kwa swichi ya ufunguo, aiache izunguke injini ikiwa imezimwa. Pikipiki ya kupoozwa kwa hewa izimwe na kuachwa ipoe yenyewe.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla ya nusu saa, na hata hapo kifunguliwe kwa kitambaa, polepole. Maji yaliyofungiwa kwa mgandamizo hulipuka kuwa mvuke mara tu kifuniko kinapolegea, na mvuke huo huchubua uso na mikono. Maji ya baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto, wala yasiingizwe ndani yake, kwa kuwa silinda hedi huweza kupinda au kupasuka.

Biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki iliwekewa kanuni na Serikali mwaka 2010, na tangu wakati huo imekuwa ajira ya vijana wengi, wengi wao wakiendesha pikipiki za mkopo au za mkataba. Kwao injini ndiyo mtaji wote. Anayenunua pikipiki au guta yenye rejeta kwa ajili ya barabara kama ya Rungwa asitosheke na kuuliza ukubwa wa injini. Achuchumae mbele ya chombo, atazame hewa itaingilia wapi na itatokea wapi, aulize feni inawashwa na nini, na apime kwa macho tope la masika litatua wapi. Rejeta ndogo yenye upepo humfikisha mtu Itigi, na kubwa isiyo na upepo humwacha porini.